Giza katika Kiebrania na Kigiriki cha Biblia

Giza limo katika Biblia tangu mstari wa pili. Nchi ilikuwa tupu, maji ya vilindi yametanda, na juu ya vilindi hivyo palikuwa na khoshekh, neno la Kiebrania linalotaja giza takriban mara 80 katika Agano la Kale. Mwandishi wa Mwanzo haelezi lilitoka wapi. Hasemi kwamba liliumbwa siku ile, wala hasemi kwamba lilikuwa adui wa Mungu. Kuhusu nuru anasimulia amri iliyotolewa, jinsi nuru ilivyotokea, na jinsi ilivyoonekana kuwa njema. Kwa giza hakuna amri na hakuna sifa. Kinachofuata ni viwili hivyo kutenganishwa na kupewa majina: nuru ikaitwa yom, yaani mchana, na giza likaitwa layla, yaani usiku. Katika fikra za Mashariki ya Kati ya kale, anayekipa kitu jina ana mamlaka juu yake. Giza basi halikufutwa, lilipangiwa zamu.

Jambo hilo husahaulika mara nyingi mahubirini, ambako giza huchukuliwa kuwa jina jingine la Shetani kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo. Maana hiyo ipo, lakini ilichelewa kuja, na hata ilipokuja haikuzifuta zile zilizotangulia. Kwa Waebrania wa kale giza lilikuwa sehemu ya milki ya Mungu: linatisha, lakini lina mwenyewe.

Hata hesabu ya siku inaanzia gizani. Katika sura ya kwanza ya Mwanzo jioni hutajwa kabla ya asubuhi, na ndiyo sababu Sabato ya Wayahudi huingia Ijumaa jua linapotua. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu hapo, kwa kuwa kwake usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa.

Kiebrania kina maneno kadhaa ya giza, na kila moja lina mahali pake. Neshef ni utusitusi, wa jioni au wa alfajiri. Afela na ofel ni giza totoro. Arafel ni wingu zito lililofunga. Tsalmaveth ni giza la kutisha linalonuka mauti. Ayubu, akiwa katika maumivu yake, anarundika kadhaa kati yake katika mistari miwili ya mwisho ya sura ya 10, anapoieleza nchi anayokwenda asikorudi mtu. Huko, anasema, hakuna mpangilio wowote, na hata mng'ao wake ni kama giza. Mshairi ameishiwa maneno ya kulikolezea giza, akaamua kuugeuza mwanga wenyewe kuwa giza.

Pigo la tisa la Misri, katika Kutoka 10, linaonyesha giza kwa karibu zaidi. Msimulizi hakuridhika kusema kwamba watu hawakuona. Alisema giza lile liliweza kupapaswa. Kitenzi chake huhusishwa na mashash, kile kile kinachotumika katika Mwanzo 27 Isaka, mzee asiyeona tena, anapompapasa Yakobo aliyevikwa ngozi za mbuzi ili adhaniwe kuwa Esau mwenye vinyweleo. Kinatumika pia katika Kumbukumbu la Torati 28 kwa kipofu anayepapasapapasa adhuhuri. Kwa siku 3 Wamisri hawakuonana, wala mtu hakuinuka pale alipokuwa, na ili kuonyesha uzito wake maneno mawili yameunganishwa: khoshekh-afela, giza juu ya giza. Wapo wafasiri wanaolihusisha na khamsini, upepo wa jangwani unaoifunika Misri kwa vumbi na mchanga. Maelezo hayo yana mantiki, maana vumbi hushikika kweli. Hata hivyo hoja ya msimulizi iko kwingine. Farao alihesabiwa kuwa mwana wa Ra, mungu jua, na pigo hili ndilo la mwisho kabla ya vifo vya wazaliwa wa kwanza. Jua la Farao lilizimwa kwanza, mwanawe akafuata.

Sura nne baadaye giza linabadili kazi. Waisraeli wamebanwa kati ya bahari na magari ya vita, ndipo wingu linakuja na kusimama kati ya kambi mbili, na giza linawazuia Wamisri wasiwakaribie usiku kucha. Yoshua, katika hotuba yake ya mwisho kwa makabila, analikumbuka giza hilo kama jibu la Mungu kwa watu waliolia. Hapo giza ni ngao.

Ajabu zaidi ni arafel. Neno hili linaonekana mara 15 tu, lakini mahali pake ni pazito. Mlimani Sinai watu walisimama mbali, naye Musa akalikaribia arafel alimokuwa Mungu. Karne kadhaa baadaye Sulemani analizindua hekalu la Yerusalemu, na maneno yake ya kwanza, katika 1 Wafalme 8:12, ni kwamba Bwana alisema atakaa katika arafel. Mfalme hakuwa akipamba hotuba. Chumba cha ndani cha hekalu lile kilikuwa na dhiraa 20 kwa urefu, 20 kwa upana na 20 kwa kwenda juu, yaani karibu mita 9 kila upande, na katika maelezo marefu ya ujenzi hakuna dirisha wala taa inayotajwa kwa ajili yake. Vinara vya taa vilisimama nje ya mlango wake. Mahali patakatifu kuliko pote palikuwa peusi. Zaburi 18 inasema Mungu alifanya giza kuwa maficho yake, na Zaburi 97 inamzungushia wingu na arafel pande zote. Katika mistari hiyo giza linauzuia utukufu usimuue mwenye kuutazama. Msikilizaji aliyelelewa katika imani kwamba Mungu hakai gizani atashangaa, na ni haki yake kushangaa, lakini maandiko ndivyo yasemavyo.

Tsalmaveth ina mjadala wake. Neno hili linapatikana mara 18, kumi kati ya hizo katika kitabu cha Ayubu, na linajulikana kwa wengi kupitia Zaburi 23. Masoreti, wasomi wa Kiyahudi waliotia alama za irabu katika matini ya Kiebrania, walilisoma kama maneno mawili yaliyounganishwa: tsel, kivuli, na maveth, mauti. Watafsiri wa Kigiriki walikuwa wamelielewa hivyo hivyo karne nyingi kabla yao, na tafsiri ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952 ikafuata njia hiyo ikapata bonde la uvuli wa mauti. Wataalamu wengi wa lugha za Kisemiti wanaona neno hilo lilitoka katika mzizi wa konsonanti tatu wenye maana ya kuwa jeusi, unaojulikana pia katika Kiakadi. Kiarabu kina zulma kwa maana ya giza, na konsonanti hizo hizo ndizo zilizokipa Kiswahili dhuluma. Kwa hoja hiyo bonde la Zaburi 23 ni bonde la giza nene, na mchungaji hana haja ya kufa ili alipite. Makorongo ya nyika ya Yudea yana giza hilo kila jioni. Pande zote mbili zina nguvu. Lakini usomaji wa Masoreti haukuwa wa kubahatisha, kwa sababu katika Ayubu neno hilo linakaa mlangoni mwa kuzimu mara kwa mara, na mzizi wowote uwao, masikio ya Waebrania yalisikia mauti ndani yake.

Kuzimu, yaani Sheoli, ni makao ya wafu wote, wema na waovu, na sifa yake kuu ni giza na kimya. Si jehanamu, kwani moto haumo. Zaburi 88 ndiyo inayokaa humo kwa muda mrefu kuliko zote. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka mwishoni zikashukuru, hii haigeuki. Mwombaji amelia mchana na usiku, marafiki wamewekwa mbali naye, na neno la mwisho kabisa la zaburi nzima katika Kiebrania ni makhshakh, mahali penye giza. Halifuatwi na kitu. Waliokusanya Zaburi waliiacha hivyo katika kitabu cha ibada, na ni busara waliyoionyesha kwa watu ambao dua zao zimechelewa kujibiwa. Zaburi 139 inatazama jambo hilo hilo kwa jicho jingine: mbele ya Mungu giza halina uwezo wa kuficha, usiku unang'aa kama mchana. Kitabu hakizipatanishi zaburi hizo mbili.

Giza lina pia maana ya kijamii na kisiasa. Magereza mengi ya nyakati zile hayakuwa na madirisha. Mara nyingi yalikuwa mashimo na visima vikavu, na ndiyo maana Zaburi 107 inawataja waliokaa gizani na katika tsalmaveth wakiwa wamefungwa kwa chuma. Isaya 9, sura inayosomwa Krismasi, inazungumzia watu waliokwenda gizani katika nchi ya Zabuloni na Naftali. Giza hilo lina tarehe. Mwaka 733 na 732 KK Tiglath-Pileseri wa Tatu, mfalme wa Ashuru, aliivamia Galilaya, akachukua watu mateka na kuifanya nchi kuwa mkoa wa dola yake. Mistari inayofuata ile ya nuru inataja nira, fimbo ya mwonevu na viatu vya askari. Anayelisoma giza la Isaya 9 kama dhambi ya mtu binafsi peke yake ameliacha jeshi zima nje ya picha.

Manabii walilitumia giza dhidi ya watu wao wenyewe vilevile. Katika karne ya 8 KK watu wa ufalme wa kaskazini, Israeli, waliitamani siku ya Bwana, wakiamini itakuwa siku ya maadui kupigwa. Amosi aliwaambia kuwa siku hiyo ni giza, si nuru, kwa sababu walikuwa wakiwauza maskini na kupotosha haki malangoni. Sefania na Yoeli wakaja kuikoleza kwa msururu wa maneno manne: khoshekh, afela, wingu na arafel. Arafel ile ile aliyoikaribia Musa sasa inawajia waliodhani wako salama.

Mstari mmoja wa Isaya umewasumbua wasomi kuliko yote. Katika 45:7 Mungu, akisema na Koreshi mfalme wa Uajemi aliyeiteka Babeli mwaka 539 KK, anajitambulisha kuwa ndiye anayeifanya nuru na kuliumba giza. Kitenzi cha nuru ni yatsar, kufinyanga. Kitenzi cha giza ni bara, kile kile cha mstari wa kwanza wa Mwanzo ambacho mtendaji wake huwa ni Mungu peke yake. Swali ambalo Mwanzo haikulijibu limejibiwa hapa, na jibu lenyewe halina simile. Wapo wanaoona kuwa nabii alikuwa akiijibu dini ya Waajemi yenye nguvu mbili zinazopigana. Iwe hivyo au isiwe, maneno yake hayaachi nafasi ya mungu wa pili. Nusu ya pili ya mstari huo inasema Mungu ndiye anayefanya amani na kuumba ubaya. Sala ya asubuhi ya Wayahudi imeuchukua mstari huo, lakini badala ya ubaya inasema vyote. Hata waliousali kila siku waliona ni mgumu kuumeza.

Kuanzia karne ya 3 KK Wayahudi wa Alexandria walianza kuyatafsiri maandiko yao kwa Kigiriki, kazi iliyokuja kuitwa Septuaginta. Khoshekh likawa skotos. Neno hilo lilikuwa na historia yake. Katika Iliadi ya Homeri, askari anayeuawa vitani hufunikwa macho na skotos, na zofos ni giza la upande wa Hadesi, makao ya wafu. Kwa Mgiriki, basi, giza lilikuwa kwanza kitu kinachotokea machoni pa mtu: kifo, upofu, kutojua. Arafel liliwatatiza kidogo watafsiri hao, wakachagua gnofos, wingu jeusi la dhoruba. Uchaguzi huo ulizaa matunda ambayo hawakuyatazamia. Filo wa Alexandria, Myahudi aliyeishi wakati mmoja na Yesu, alieleza kuingia kwa Musa katika gnofos kuwa ni kuingia katika yasiyoonekana. Katika karne ya 4 BK Gregori wa Nisa, katika kitabu chake juu ya maisha ya Musa, alifundisha kwamba safari ya kumjua Mungu huanzia katika nuru na kuishia gizani, kwa kuwa Mungu huzidi kila anachokifahamu mtu. Mapokeo hayo yangali hai katika Ukristo wa Mashariki.

Kabla ya kuingia Agano Jipya kuna kituo kimoja cha lazima. Mwaka 1947, katika mapango ya Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, zilianza kupatikana hati za jumuiya ya Kiyahudi iliyoishi karne za mwisho kabla ya Yesu na wakati wake. Mbili kati ya hati hizo, Kanuni ya Jumuiya na Hati ya Vita, zinaugawa ulimwengu kati ya wana wa nuru na wana wa giza. Wana wa giza wanatawaliwa na malaika wa giza, nao wana wa nuru wanajiandaa kwa vita vya kuwamaliza. Hapa khoshekh limepata kitu ambacho halikuwa nacho katika Mwanzo: bendera, jeshi na jemadari. Bado Mungu ndiye aliyeziumba roho zote mbili, ya nuru na ya giza, kwa hiyo Isaya hajakanwa. Lakini giza limekuwa kambi, na mtu huzaliwa au kuandikishwa humo.

Lugha hiyo ya kambi mbili inasikika waziwazi katika Agano Jipya. Paulo anawaita Wathesalonike wana wa nuru na wa mchana. Wakolosai waliambiwa wametolewa katika mamlaka ya giza, na neno la Kigiriki la mamlaka, exousia, ni la utawala, hata la eneo linalotawaliwa. Waefeso 6 inataja wakuu wa ulimwengu wa giza hili. Waefeso 5:8 inakwenda mbali zaidi: haisemi kwamba waumini walikuwa gizani, inasema walikuwa giza. Tofauti kubwa na Qumran ni kwamba mpaka unavukwa. Aliyekuwa giza jana ni nuru leo, na wanaovuka ni watu wa mataifa, ambao Hati ya Vita iliwaweka upande wa kuangamizwa.

Yohana ana neno alipendalo, skotia, ambalo nje ya Injili na barua zake ni nadra sana. Katika 1:5 nuru yang'aa katika skotia, na kitenzi kinachofuata, katelaben, kinaweza kuwa kushika, kukamata, kufikia au kuelewa. Swali ni kama giza lilishindwa kuielewa nuru au kuikamata. Union Version ilichagua kitenzi kimoja, kuweza, kinachokaa karibu na kushinda. Ushahidi wa Yohana mwenyewe unaunga mkono upande huo, kwa kuwa katika 12:35 anatumia kitenzi hicho hicho kwa giza linalomkuta mtu njiani, na hapo hakuna suala la kuelewa.

Giza la Yohana halielei hewani. Maneno ya Yesu ya kujiita nuru ya ulimwengu, katika sura ya 8, yanafuata simulizi la Sikukuu ya Vibanda hekaluni. Mishna, mkusanyo wa mapokeo ya marabi, inaeleza usiku wa sikukuu hiyo: taa kubwa za dhahabu ziliwashwa katika ua wa wanawake, vijana wa ukoo wa kikuhani wakipanda ngazi na mitungi ya mafuta, tambi zikiwa zimepasuliwa kutoka suruali na mishipi iliyochakaa ya makuhani, na haukuwepo ua Yerusalemu usiofikiwa na mwanga huo. Katika mji ambao kwa kawaida kila nyumba ilitegemea taa ndogo ya udongo, watu waliosikia maneno ya Yesu walijua giza ni nini na mwanga mkubwa ni nini. Nikodemo anakuja usiku. Yuda anapokea tonge, anatoka, na mwandishi anaongeza kwa maneno machache kabisa kwamba ulikuwa usiku. Mariamu Magdalene anafika kaburini kungali na skotia. Lakini barua ya kwanza ya Yohana inakataa giza libaki katika ishara: anayemchukia ndugu yake yumo gizani, na hajui aendako.

Mathayo ana maneno yake matatu juu ya giza la nje, katika sura za 8, 22 na 25, na hayapatikani kwingine katika Agano Jipya. Picha yake ni ya karamu ya usiku. Ukumbini kuna taa na chakula. Anayetupwa nje anakutana na usiku wa mashambani usio na taa hata moja. Katika sura ya 6 giza liko ndani ya mtu, katika jicho lililo bovu. Maneno yanayotangulia na kufuata ni ya hazina na mali, na jicho baya katika lugha ya Kiebrania ni la mchoyo asiyetaka kutoa. Kiswahili kinalijua jicho hilo, kinaliita kijicho.

Giza la msalaba linahitaji kutazamwa kwa saa. Injili tatu zinasema lilitanda kuanzia saa sita hadi saa tisa, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kubadili chochote, kwani saa za Biblia zinahesabiwa tangu macheo kama zake. Wengine wamelieleza kuwa kupatwa kwa jua, hasa kwa sababu ya kitenzi cha Luka kinachosema jua lilipungukiwa. Haiwezekani. Pasaka huangukia mwezi mpevu, na jua hupatwa wakati wa mwezi mpya tu. Tena kupatwa kukamilifu hakufiki hata dakika 8, sembuse saa 3. Walioandika walikuwa na kitu kingine akilini: Amosi 8:9-10, ambako siku ya hukumu jua linatua adhuhuri na watu wanaomboleza kama kwa mwana wa pekee. Giza la manabii, lililoahidiwa waovu, limemshukia Mwana mwenyewe. Maelezo yoyote ya hali ya hewa yanaliacha jambo hilo bila kuguswa.

Barua za mwisho zinatumia zofos, giza la Hadesi ya Homeri. 2 Petro na barua ya Yuda zinalifanya kuwa gereza la malaika waliokosa, na 2 Petro inathubutu hata kutumia kitenzi kilichotokana na Tartaro, shimo la hadithi za Kigiriki. Hati za kale zinatofautiana kama walifungwa kwa minyororo ya zofos au walitupwa katika mashimo yake. Waebrania 12:18 inaweka zofos na gnofos pamoja kuuelezea mlima Sinai, kisha inawaambia wasomaji kwamba mlima waliofikia wao si huo. Ufunuo hautumii nomino skotos hata mara moja. Unatumia vitenzi vya kutia giza, kimojawapo kwa ufalme wa mnyama, na mwishoni unasema usiku hautakuwapo.

Limebaki jambo moja, nalo linawagusa wasikilizaji wa Afrika kuliko wengine. Mwaka 1878 Henry Morton Stanley, aliyeanzia safari yake Zanzibar, alichapisha kitabu alichokiita kwa Kiingereza safari ya kulipita bara la giza. Jina hilo lilishika, na mara nyingi lilivikwa mavazi ya Biblia, kana kwamba giza la Injili na weusi wa watu ni kitu kimoja. Lugha zenyewe haziungi mkono jambo hilo. Rangi nyeusi kwa Kiebrania ni shakhor, na kwa Kigiriki ni melas; ni mizizi mingine kabisa. Mwanamke wa Wimbo Ulio Bora anapojitaja kuwa mweusi na mzuri anatumia shakhor, na Septuaginta iliunganisha sifa hizo mbili kwa kiunganishi cha kawaida, na. Aliyeingiza lakini katikati yake ni Kilatini cha Vulgata. Kitenzi cha giza kimepata kutumika kwa sura za watu katika Maombolezo 4:8, lakini hao ni wakuu wa Yerusalemu waliosawijika kwa njaa wakati mji umezingirwa. Yeremia anaitaja ngozi ya Mkushi bila neno lolote la giza. Na Yeremia mwenyewe alipotupwa katika kisima chenye matope na kuachwa afe, aliyemwendea mfalme kumwombea, akakusanya matambara na kamba na kumvuta juu, alikuwa Ebedmeleki, Mkushi.